Forester iliyoishiwa breki ikipanda Kitonga: kisa cha joto la eksozi

Anayeijua barabara ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, akisikia gari limeishiwa breki kwenye mlima wa Kitonga, moja kwa moja anawaza lori linaloshuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, dereva kakanyaga breki tangu kule juu mpaka magurudumu yanafuka moshi. Gari la kisa hiki lilikuwa linapanda. Ni Subaru Forester XT ya 2004, ilitoka Dar es Salaam na watu wanne na mizigo yao, ikaukwea mlima ikiburuzana na mkia wa malori, ikafika Ilula salama, ikaegeshwa na kuzimwa. Mwenye gari akashuka kununua nyanya. Dakika kama 20 baadaye akawasha, akaondoka, na kwenye tuta la kwanza pedali ya breki ikazama mpaka sakafuni.

Alipampu mara tatu nne, ikashika kidogo, akavuta na breki ya mkono. Hakuna aliyeumia. Wakakaa pembeni ya barabara zaidi ya saa nzima, halafu pedali ikarudi kama vile hakuna kilichotokea. Wakaja Iringa polepole, na asubuhi yake gari likawa gerejini kwangu. Nilipoikanyaga mimi, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

Nilipomuuliza kama imewahi kutokea kabla, akasema ndiyo, miezi minane nyuma, karibu mahali palepale. Gereji moja ya Dar ilimbadilishia masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Siwalaumu kwa kuanzia hapo, kwa sababu pedali inayozama taratibu ukiwa umeikanyaga mara nyingi ni mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha. Lakini mipira iliyokwisha haiponi kwa kupumzishwa saa moja kando ya barabara. Ugonjwa unaokuja gari likiwa la moto na kuondoka likipoa unataka uulizwe swali moja kabla hujafungua hata nati: kimepata moto nini, na moto huo umetoka wapi?

Breki zinazochemka kwa kazi huchemkia magurudumuni. Unashuka mlima ukikanyaga, diski zinawaka, joto linapenya kwenye pistoni za kaliper, mafuta ya breki yanachemka, povu linatokea, na povu hubonyea pale ambapo mafuta yasingebonyea. Huyu alikuwa amepanda kwa kilomita 20 kwa saa nyuma ya semi ya kwenda Zambia. Breki hakuzigusa, kwa kuwa mlima wenyewe ulikuwa unamzuia. Kama mafuta yalichemka, hayakuchemkia magurudumuni. Yalichemkia chini ya boneti, tena baada ya injini kuzimwa.

Nikafungua boneti, na majibu karibu yote yalikuwa wazi mbele yangu.

Kwanza nieleze vitu vilivyokaa kwenye gari hili. Forester hii ina injini ya EJ205, lita 2, silinda nne zinazolala mbili kulia na mbili kushoto. Eksozi inakusanywa chini ya injini, inapandishwa kwa bomba hadi kwenye tabo (turbo, pangaboi linalozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi), na tabo limekaa juu, upande wa kulia, nyuma kabisa karibu na ukuta unaotenganisha injini na dereva. Kutoka hapo bomba lingine linashuka tena kwenda nyuma ya gari. Sasa kwetu usukani uko kulia. Na usukani ukiwa kulia, haidrovaki, ile inayouongezea mguu nguvu kwenye breki, na masta silinda vinakaa kulia pia. Kati ya nyumba ya chuma ya tabo, ambayo ndani yake inapita hewa ya nyuzi 800 hadi 900 injini ikibeba mzigo, na masta silinda ya alumini yenye kikopo cha plastiki juu yake, pana nafasi ya viganja vichache tu.

Ushauri mwingi wa Subaru ulioko kwenye intaneti umeandikwa na Wamarekani. Kwao usukani uko kushoto na masta silinda iko kushoto, mbali kabisa na tabo. Wanaandika kwa ufasaha kuhusu kutoa bati la kufunika tabo ili bomba kubwa lipate kukaa, na kwa gari lao madhara ni madogo. Mtu wa Dar, Nairobi au Kampala akiufuata ushauri ule neno kwa neno anausogeza moto ule jirani na breki zake. Hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki kwa urefu.

Gari lilikuwa limebadilishwa mambo matatu. Masega, yale ya ndani ya eksozi yanayosafisha moshi, yalikuwa yametolewa, na bomba la kushuka kutoka kwenye tabo limewekwa jipya, pana la inchi 3, la ukuta mmoja, bila bati lolote. Lile la kiwandani huja limevikwa bati lake. Pili, kifuniko cha bati cha tabo lenyewe hakikuwepo, kwa sababu flanji ya bomba jipya, ile sahani ya kulifungia kwa nati, ilikuwa kubwa na kifuniko kikagoma kukaa. Tatu, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ilikuwa imeandikwa upya kuongeza presha ya tabo. Kuhusu kutoa masega, nasema wazi kwamba siungi mkono. Moshi ule tunauvuta sisi na watoto wetu, na nguvu inayopatikana ni ndogo kuliko watu wanavyoamini. Lakini gari lilikuwa limeshafika hivyo.

Kitu kilichonisikitisha zaidi kilikuwa kipande cha bati la kuezekea nyumba, kilichokunjwa kwa mkono na kufungwa kwa waya kati ya tabo na masta silinda. Aliyekiweka alikuwa ameona tatizo, na nia yake ilikuwa njema. Ila bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Upande uliotazama tabo rangi yake ilikuwa imeondoka na kubaki unga mweupe. Mafusho ya zinki yanaumiza, mafundi wa kuchomelea wanaijua homa yake, na hewa ya kuingia ndani ya gari inavutwa pale pale chini ya kioo cha mbele. Zaidi ya hapo, bati lilikuwa limegusa nyumba ya tabo. Ngao iliyogusa moto si ngao tena, inageuka kuwa kipande kingine cha moto kilichosogezwa karibu na kile unachotaka kukilinda.

Nilipoliinua gari nikakuta buti ya CV ya ndani (mpira unaofunika kiungo cha ekseli na kutunza grisi yake), upande wa kulia wa mbele, imepasuka na grisi imerukia bomba. Buti hiyo iko jirani na bomba la eksozi, na kwenye Subaru za tabo ndiyo hufa ya kwanza. Ile harufu ya kuungua ambayo mwenye gari alisema anaisikia kila akipanda mlima ilikuwa grisi hiyo. Nyaya mbili zilizopita karibu na tabo, ukizikunja, ganda lake lilikatika kama tambi kavu.

Kabla ya lolote nilipima mafuta ya breki kwa kalamu ya kupimia maji. Taa ikawaka ya asilimia 4. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar inaujua unyevu. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango chake cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya. Waliobadilisha masta silinda, kwa maelezo ya mwenye gari, walijazia kutoka kwenye kopo lililokuwa limeshafunguliwa rafuni, wakatoa upepo kidogo na kufunga. Kwa hiyo masta silinda ilikuwa mpya na mafuta yalikuwa ya kizee.

Nikayamwaga yote, nikapitisha DOT 4 ya kopo lililofunguliwa siku hiyo kwenye magurudumu yote manne mpaka yakatoka meupe. Nilifanya hivyo kabla ya jaribio lolote la barabarani. Sikuwa tayari kupanda Kitonga na mafuta yale ili tu niwe na ushahidi mzuri.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Nilibandika ncha ya waya wa kipimajoto kwenye mwili wa masta silinda, upande unaotazama tabo, nikaifunika ili isome chuma na siyo hewa, na saa yake nikaiweka ndani. Tulipakia mifuko minne ya saruji kuwa badala ya abiria na mizigo. Tukashuka kwa gia ndogo mpaka Ruaha Mbuyuni, tukapumzisha gari, halafu tukasubiri lori zito na kulifuata kupanda.

Wakati wa kupanda, masta silinda ilifika nyuzi 96. Inatisha kidogo, lakini haichemshi kitu. Diski za mbele nilizipima tulipofika juu, zilikuwa za vuguvugu tu, 45. Tukaegesha Ilula, tukazima, boneti tukaiacha imefungwa kama alivyofanya siku ile. Namba ikaanza kupanda. Dakika ya tano 112. Dakika ya kumi 126. Dakika ya 14 ikagota 131, ikakaa hapo kidogo, kisha ikaanza kushuka. Hiyo ni 131 kwa nje ya chuma, na mahali pamoja tu. Kwa mafuta yenye maji ya asilimia 4, kwenye mwinuko ambako kila kimiminika huchemka mapema kuliko pwani, hapo povu lina kila sababu ya kutokea.

Mwenye gari alikuwa pembeni yangu anaiangalia ile saa. Akaniuliza, "Fundi, mbona imezimwa na bado inapanda?" Swali lake ndilo kiini cha kisa. Injini ikiwa inazunguka kuna feni, kuna maji yanayotembea, kuna upepo hata kama ni mdogo. Ukizima, vyote vinasimama, lakini kile chuma kizito cha tabo kimebeba joto lote la dakika 20 za kupanda, na hakina pa kulipeleka isipokuwa kwa majirani zake.

Na njia kubwa ya kulipeleka ni mnururisho, ule moto unaokuunguza uso ukikaa mbele ya jiko la mkaa hata kama upepo unavuma kutoka nyuma yako. Mnururisho hauongezeki kwa hatua sawa na joto. Unakwenda kwa kipeo cha nne cha joto halisi, linalohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Bomba la nyuzi 500 halirushi moto mara mbili ya bomba la nyuzi 250, linarusha karibu mara tano. Kwa hiyo kila nyuzi 50 unazopunguza kwenye chanzo zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi. Habari njema ni kwamba mnururisho huo unarudishwa na kitu chembamba sana kinachong'aa, mradi kisiguse.

Hapa kuna mtego wa kipimo ambao umenasa mafundi wengi. Kile kipimajoto cha mwanga, cha kulenga kama bastola, kinadanganywa na chuma kinachong'aa. Nililenga bomba jipya la stenlesi likasoma 180. Nikapaka doa la rangi nyeusi ya kuhimili joto kwenye bomba hilo hilo, nikalenga doa, likasoma 410. Namba ya pili ndiyo ya kweli. Mtu aliyesoma ile ya kwanza angeondoka akiamini bomba lake limepoa.

Matengenezo nilianza na ngao. Kifuniko cha tabo cha kiwandani tulikipata kwa wauza vipuri vya mitumba Dar, kikaja kwa basi, na nikakikata kidogo pale kilipogombana na flanji. Kati yake na masta silinda nikaweka ngao ya pili ya stenlesi, tuliyoikata kwenye sinki la jikoni lililochakaa, upande unaong'aa ukitazama tabo. Nimeiacha nafasi ya milimita 12 pande zote, juu na chini iko wazi ili hewa ya moto ipande na kutoka, na nimeifunga kwenye bodi ya gari, siyo kwenye bomba. Alumini ningeiogopa mahali pale kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na nyumba ya tabo iliyofanyishwa kazi hasa inaweza kuwa nyekundu. Buti mpya ya CV nayo ikapata kibati chake.

Mwenye gari alikuja na roli la kitambaa cha kuzungushia mabomba, akataka eksozi yote izungushiwe kuanzia kwenye injini. Nikamwambia, "Kaka, kwenye bomba la kushuka sawa, huku chini ya injini hapana." Injini za EJ zinajulikana kwa kuvujisha oili kwenye gasketi za vifuniko vya valvu, na kwa kuwa silinda zimelala, oili hiyo inadondoka moja kwa moja juu ya mabomba ya eksozi. Bomba tupu likidondokewa na oili linafuka moshi, unasikia harufu, unashughulikia. Kitambaa kinainyonya na kuitunza, kama utambi. Moto wa chini ya boneti unaanza hivyo. Kisha chuma cha kawaida kilichofungwa kitambaa kinashika joto zaidi ya kilivyotengenezwa, kinashika na unyevu, kinaliwa na kutu kutoka nje, na chuma cha kutupwa kinapasuka. Bomba lake la kushuka lilikuwa stenlesi, kwa hiyo nilizungusha kipande cha juu tu, kila mzunguko ukilalia robo ya uliotangulia, nikafunga kwa vibanio vya stenlesi. Siku ya kwanza kitambaa kilitoa moshi, ni kawaida yake. Gasketi za vifuniko vya valvu nilizibadilisha zote mbili kabla ya hapo.

Tukapanda tena na mzigo ule ule. Kilele baada ya kuzima kilikuwa 102.

Wengine wangeishia hapo, na kusema kweli gari lilikuwa limeshakuwa salama. Lakini ngao inalinda jirani, haipunguzi moto unaotengenezwa. Nilichomeka kompyuta na kusoma injini inavyofanya kazi mlimani. Ile programu mpya ilikuwa imeandikwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huuzwa kule ikiwa na okteni 100 (kipimo cha petroli kuhimili bila kulipuka ovyo). Petroli ya pampu zetu iko chini ya hapo. Injini ilikuwa inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, kihisi kinaisikia, na kontrol boksi inachelewesha taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha petroli, kwa digrii 5 hadi 6 ili kujiokoa. Taimingi ikichelewa, mafuta yanamalizia kuungua wakati valvu ya kutolea moshi imeshafunguka. Nguvu iliyopaswa kusukuma pistoni inakwenda kupasha bomba. Na Kitonga inaongeza yake, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na tabo linalazimika kuzunguka zaidi kupata presha ile ile. Tukarudisha presha karibu na kiwango cha kiwandani na taimingi ikaandikwa kwa petroli tunayoipata hapa. Gari likapoteza nguvu kidogo kwenye karatasi. Mlimani mwenye gari alisema linavuta vizuri kuliko mwanzo, na namba za kompyuta zilimuunga mkono, kwa sababu ucheleweshaji ulikuwa umekwisha.

Safari ya tatu, kilele kilikuwa 88. Sitayapigia hesabu za desimali matokeo haya. Lori la siku ya tatu halikuwa lori la siku ya kwanza, na upepo haukuwa ule ule. Ila kutoka 131 hadi 88 si tofauti inayoletwa na lori.

Kulikuwa na mambo madogo mengine. Boneti ilikuwa imenyanyuliwa kwa nyuma kwa washa, vile vipete vya chuma, kwenye bawaba, eti joto litoke. Pale chini ya kioo, gari likikimbia, presha ya hewa ni kubwa, hivyo hewa inaingia badala ya kutoka, na moshi wowote wa injini unapata njia ya kwenda kwa abiria. Nilizitoa. Mpira unaoziba kati ya tundu la boneti na intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, haukuwepo, kwa hiyo hewa iliyopaswa kupita kwenye intakula ilikuwa inapita pembeni yake. Nao ukarudi.

Kuhusu uendeshaji nilimwomba mambo mawili tu. Nyuma ya lori, aache nafasi kubwa, apande kwa gia ndogo bila kulibana, ili asivute moto wa eksozi ya mwenzake na kukanyaga na kuachia kila mara. Na akifika juu asiegeshe papo hapo, aendeshe taratibu dakika kadhaa ili upepo uchukue joto la tabo. Subaru waliliweka tangi dogo la maji juu kuliko tabo ili maji yaendelee kuzunguka yenyewe hata injini ikizimwa, na mpango huo unafanya kazi, lakini unailinda tabo. Masta silinda haumo kwenye mpango huo. Akilazimika kusimama ghafla, afungue boneti.

Kabla hajaondoka nilibandika kwenye mwili wa masta silinda kile kibandiko chenye vinukta vinavyogeuka vyeusi joto likifika, na ambavyo havirudi vyeupe tena. Amepita Kitonga mara nyingi tangu siku hiyo, pamoja na safari moja ya mwezi wa Desemba gari likiwa limejaa na foleni ya malori haisogei. Alipopita kwangu kubadilisha oili nilifungua boneti, nikaifuta vumbi. Nukta ya 88 ni nyeusi. Ya 93 bado nyeupe.